Sabuni ya kuoshea vyombo: itengeneze nyumbani, usiiweke kwenye chupa ya soda

Wakazi wengi, hasa walio katika vyama vya akina mama na vikundi vya vijana, hujitengenezea sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Malighafi hupatikana katika maduka ya kemikali mjini na kazi yenyewe si ngumu. Yapo mambo machache, hata hivyo, ambayo ni lazima yazingatiwe.

Kwa anayeanza, njia salama ni ya ungerol na chumvi. Andaa kilo 1 ya ungerol, nusu kilo ya chumvi ya kawaida, maji safi lita 10, na rangi na manukato ukipenda. Ungerol ni nzito kama asali. Ikoroge katika ndoo ya plastiki kwa mwiko wa mbao, ukiongeza lita 8 za maji kidogo kidogo. Koroga polepole, la sivyo utapata povu tupu.

Chumvi ndiyo huifanya sabuni iwe nzito, na hapa ndipo wengi hukosea. Wakiiona bado nyepesi, huongeza chumvi bila kipimo. Ikizidi, sabuni hurudi kuwa nyepesi kama maji, na kuongeza chumvi tena huiharibu zaidi. Iyeyushe chumvi katika lita 2 zilizobaki, umimine kikombe kimoja kimoja, na ukome mara sabuni ifikapo uzito unaoutaka, hata kama maji ya chumvi yamesalia. Funika ndoo hadi kesho yake povu litulie. Kwa kuwa sabuni hii haina dawa ya kuizuia isioze, tengeneza kiasi cha wiki chache tu.

Wako wanaotumia pia asidi ya salfoniki na magadi ya kuunguza (caustic soda) ili kupunguza gharama. Hizo huunguza ngozi na macho. Usizitumie kabla ya kufundishwa na anayezijua, tena uwe na glavu na miwani. Magadi hutiwa ndani ya maji. Kamwe usimwagie maji juu ya magadi.

Hatari kubwa zaidi huja baada ya kazi kuisha. Sabuni ya kijani au ya rangi ya machungwa ndani ya chupa ya soda ni kinywaji machoni pa mtoto, na magadi yaliyobaki kwenye chupa ya maji hayana tofauti na maji. Tumia mtungi usiofanana na wa kinywaji, uandike jina kwa herufi kubwa na uuweke juu. Mtoto akimeza kemikali hizo, usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitalini pamoja na chupa yenyewe. Zikimwagika mwilini, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20.

Vilevile usichanganye Jik na ndimu, siki au asidi yoyote ili kung'arisha vyombo. Hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Kwa sufuria yenye masizi, majivu ya kuni bado hufanya kazi vizuri, mradi jikoni hakujachomwa plastiki.

Anayetaka kuuza sabuni yake anahitaji kibali cha biashara cha kaunti na alama ya ubora ya KEBS. Maelezo hutolewa katika ofisi ya biashara ya kaunti ndogo.