Herufi na Kitu: Ukubwa wa Alama za Maelezo katika Violezo vya Michoro ya Kihandisi



Yamkini wapo waliosoma kichwa cha mhadhara huu wakadhani wamekosea ukumbi. Ukubwa wa alama katika mchoro wa kihandisi ni mada ambayo ingetarajiwa kwa wahandisi, na mimi ni mwanaisimu. Hata hivyo, alama na maneno yanayoandikwa juu ya mchoro ni lugha, na taaluma yetu imeiachia programu za kompyuta lugha hiyo bila kuiuliza lolote.

Nianze na tukio. Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja ya usanifu wa majengo iliniomba niisaidie kutia Kiswahili katika kiolezo chake cha michoro. Kiolezo, kwa wasiokijua, ni faili linalohifadhiwa katika programu ya kuchorea likiwa na fremu ya karatasi, kisanduku cha maelezo, unene wa mistari, aina ya herufi na alama zote zitakazotumika, ili kila mchoro mpya uanzie hapo. Nilitafsiri maneno ya kisanduku, nikayarudisha. Alama sikuzigusa, kwa kuwa niliziona si maneno. Mchoraji aliyapachika maneno yangu mahali pa yale ya Kiingereza, na kila lililokataa kuenea alilipunguza herufi mpaka likaenea. Mchoro ulichapishwa kwenye karatasi ya A1, kisha ikatolewa nakala ya A3 ili ubebeke kwa urahisi, na nakala hiyo ndiyo iliyowafikia mafundi. Nilipokwenda kuiona kazi, fundi mmoja wa makamo aliikunjua karatasi, akaielekeza kwenye mwanga, akaniuliza: “Mwalimu, hii D2 hapa ni dirisha au mlango?”

Nyuma ya swali hilo kulikuwa na makosa mawili. La kwanza ni la kimo cha herufi, na mchoraji ndiye aliyelitenda. La pili ni la herufi yenyewe, nalo lilikuwa langu.

Kitu hupunguzwa, neno halipunguzwi

Mchoro wa jengo hubeba vitu vya namna mbili juu ya karatasi moja. Kuna picha ya kitu: ukuta, nguzo, ngazi, boriti. Picha hiyo hupunguzwa kwa kipimio kinachojulikana, tuseme 1:50, ambapo ukuta wa mita 5 huchorwa kwa milimita 100. Kisha kuna maelezo juu ya kitu hicho: tarakimu za vipimo, mishale, duara zenye namba, mshale wa kaskazini, alama ya mahali mchoro ulipokatwa. Haya hayana ukubwa wowote duniani. Hakuna duara la namba lililosimama kando ya mlango wa nyumba. Ukubwa wake hutokana na jicho la msomaji na umbali kati ya jicho hilo na karatasi, basi.

Mlango uliochorwa kwa 1:50 unapaswa kuwa nusu ya ukubwa huo katika 1:100, lakini jina la mlango huo linapaswa kubaki lilivyo. Aliyechora kwa mkono hakuhitaji kuambiwa haya, kwani kalamu na kibao chake cha herufi havikubadilika alipobadili kipimio. Kompyuta ndiyo iliyoleta utata, kwa sababu ndani yake picha na neno ni mistari mitupu, na amri moja huweza kuvikuza au kuvipunguza vyote pamoja.

Ngazi ya vimo

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, limeweka vimo vya herufi za michoro katika kiwango chake cha ISO 3098. Vimo hivyo kwa milimita ni 1.8, 2.5, 3.5, 5, 7, 10, 14 na 20. Mtu akivitazama kwa mara ya kwanza huviona kama namba zilizookotwa. Ukweli ni kwamba kila kimo hupatikana kwa kuzidisha kilichotangulia kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani kwa 1.414, na kukadiria. Huo ndio uwiano uleule wa pande za karatasi za A0 hadi A4. Mwanafizikia wa Kijerumani Georg Christoph Lichtenberg aliueleza uwiano huo katika barua ya mwaka 1786, na Ujerumani ikaufanya kiwango cha karatasi mwaka 1922. Karatasi ya A1 ina milimita 594 kwa 841. Ikikatwa katikati hutoa mbili za A2, kila moja ikiwa na umbo lilelile.

Hivyo mchoro wa A1 ukipunguzwa hadi A2, herufi za 3.5 huwa 2.5, na unene wa mstari wa 0.35 huwa 0.25. Ukipunguzwa tena hadi A3, herufi huwa karibu 1.8. Kila mara tunashuka ngazi moja na kutua juu ya kimo kinachotambulikana. Aliyepanga ngazi hii alijua kwamba nakala zitatolewa.

Sasa tazameni kilichompata fundi wetu. Mchoraji alikuwa ameshusha baadhi ya herufi hadi 2.5 ili zienee. Kutoka A1 hadi A3 ni kupunguza kila urefu kwa nusu, hivyo herufi hizo zilimfikia zikiwa na milimita 1.25, kimo ambacho hakimo katika ngazi. Zaidi ya hayo, kisanduku kiliendelea kusema 1:50 ilhali mchoro ulikuwa sasa 1:100. Tarakimu za vipimo zilibaki za kweli, lakini kila aliyeweka rula juu ya karatasi alidanganywa. Ndiyo maana mstari wa kipimio, ule wenye vipande vyeusi na vyeupe kama kwenye ramani za shuleni, una faida kuliko maneno: ukipunguza karatasi, nao hupungua, na huendelea kusema kweli. Katika maelezo yote ya mchoro, huo ni miongoni mwa machache yanayostahili kupungua pamoja na kitu.

Alama zenyewe hufuata herufi. Katika ISO 1302 ya mwaka 2002, iliyohusu alama ya kuonyesha uso wa chuma ulainishwe kiasi gani, na ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ISO 21920-1 mwaka 2021, herufi zenye kimo cha 3.5 ziliandamana na alama yenye mkono mfupi wa milimita 5 na mkono mrefu wa 10.5. Herufi zikiwa za 5, mikono ilikuwa 7 na 15. Anayetengeneza kiolezo hachagui ukubwa wa alama kwa kupendezwa. Huchagua kimo cha herufi kwanza, kulingana na karatasi na nakala zitakazotolewa, na alama hufuata.

Ndani ya kompyuta

Katika AutoCAD, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1982 na ambayo ingali imeenea katika ofisi nyingi, jengo huchorwa kwa ukubwa wake halisi. Ukuta wa mita 5 huwa na vizio 5,000 ikiwa kizio ni milimita. Herufi inayotakiwa kuwa na 3.5 kwenye karatasi ya 1:50 inapasa basi kuandikwa kando ya ukuta huo ikiwa na kimo cha 175. Kwa 1:100 ni 350. Kwa 1:20 ni 70. Ukichapisha mchoro uleule kwa vipimio viwili, mojawapo itakuwa na herufi zisizofaa. Kwa miaka mingi wachoraji walinakili maelezo yote mara mbili au tatu, kila nakala kwa ukubwa wake, na wakisahihisha moja wakaisahau nyingine. Wengine waliyaandika maelezo kwenye karatasi yenyewe, nje ya jengo, jambo ambalo bado ni salama kwa kisanduku na vichwa vya michoro.

Toleo la AutoCAD 2008 lilileta njia ya tatu. Alama huambiwa kimo chake cha karatasini mara moja, pamoja na orodha ya vipimio itakavyotumika, na programu hukokotoa iliyobaki. Tahadhari ni moja: kulingana na mpangilio, alama isiyo na kipimio kinachohusika katika orodha yake huenda isionekane kabisa. Neno lililopotea ni hatari kuliko neno dogo, kwa sababu hakuna anayekodoa macho kulitafuta.

Kuna mtego mwingine wa inchi. Alama iliyotengenezwa katika kiolezo cha inchi, ikiingizwa katika cha milimita bila vizio kutajwa, hutokea ikiwa ndogo mara 25.4 kuliko inavyopasa. Mchoraji huikuza kwa kukisia, na kuanzia hapo ofisi nzima hurithi makisio yake.

Kiswahili ndani ya duara

Husemwa mara kwa mara kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu mno kwa michoro. Ni nusu ya ukweli. Nguzo, nondo, ringi, zege, msingi: haya si marefu. Kinachorefuka ni kitenzi, kwa kuwa hubeba nafsi, njeo na kauli mgongoni mwake. Katika kisanduku nilikuwa nimeandika “Umekaguliwa na”, alama 14 ukihesabu na nafasi tupu. Kisanduku cha ISO 7200 cha mwaka 2004 kina upana wa milimita 180 kwa vyumba vyote, hivyo hakuna nafasi ya kuchezea. Lakini Kiswahili kina unyambuaji. “Mkaguzi” ina herufi 7, nusu kamili. “Umechorwa na” huwa “Mchoraji”. Hata “Mwidhinishaji”, yenye 13, ni fupi kuliko “Umeidhinishwa na” yenye 16. Ningaliandika nomino tangu mwanzo, mchoraji asingalilazimika kupunguza herufi katika kisanduku hicho. Nilitafsiri sentensi pale palipohitaji jina.

Tatizo kubwa ni vifupisho. Katika violezo vya Kiingereza herufi D ndani ya duara husimamia mlango, kwa kuwa neno la Kiingereza la mlango huanza nayo. Kwa msomaji wa Kiswahili D ni dirisha. Nilibadili maneno ya kisanduku, nikaiacha D ilivyo, na hivyo nikazalisha karatasi yenye lugha mbili zinazokanushana. Fundi angeweza kupima tundu akatambua. Lakini katika orodha ya mbao na vioo, ambako hakuna picha, hakuna cha kumwokoa.

Kuchukua herufi ya kwanza ya Kiswahili hakusaidii sana. Mlango, msingi, mhimili, mfereji, yote hutoa M, ambayo ni kiambishi cha ngeli wala haisemi lolote juu ya kitu. Pendekezo langu ni konsonanti mbili za neno katika umoja: ML, MS, MH, MF, DR, BR kwa boriti, NG kwa nguzo na ND kwa nondo. Kwa majina ya M/MI njia hii ina faida ya ziada, maana mlango na milango zote hutoa ML. Madirisha ingetoa MD, ndiyo sababu nasisitiza umoja. Wapo watakaosema tufuate mzizi tuuache upande kiambishi. Kinadharia wana hoja, ila fundi akisoma LN hataliona neno mlango.

Hapo ndipo ukubwa wa alama unaporudi. Tuchukue herufi za 3.5, na tukadirie kwamba kila moja pamoja na nafasi yake huchukua upana wa milimita 2.5. D2 inahitaji upana wa 5, na duara la milimita 8 linaitosha. ML12 inahitaji 10, na kwa hesabu ya pembe za maandishi duara lisipungue 10.6, tuseme 12 ili pawe na nafasi ya kupumua. Mchoraji mwenye haraka atachagua alama nzima na kuikuza mara 1.5. Duara litakuwa 12 kweli, lakini herufi zitakuwa 5.25, nje ya ngazi, na maandishi yatahitaji upana wa 15. Amekuza tatizo pamoja na duara.

Njia sahihi ni kufungua ufafanuzi wa alama ndani ya kiolezo, kulibadili duara peke yake, na kuziacha herufi katika 3.5. Alama zote zilizokwisha kupachikwa kutokana na ufafanuzi huo zitapata duara jipya mara moja. Kama mahali au kimo cha maandishi ya kujazwa navyo vimebadilishwa, alama za zamani zitabaki na mpangilio wa awali mpaka itolewe amri ya kuzilinganisha, ATTSYNC, ambayo huhifadhi kilichoandikwa lakini hufuta marekebisho ya mkono yaliyofanywa kwa alama mojamoja. Ni vema wachoraji waonywe kabla.

Na kiolezo kikisharekebishwa, michoro iliyozaliwa nacho zamani hairekebishiki yenyewe. Kila faili hubeba nakala yake ya alama tangu siku lilipoundwa. Kwa hiyo ofisi ikihamia vifupisho vya Kiswahili, kutakuwa na kipindi ambapo D ya mradi mmoja ni mlango na DR ya mradi wa jirani ni dirisha, na fundi mmoja akizishika karatasi zote mbili katika juma moja. Kwa kipindi hicho kila karatasi haina budi kuwa na ufunguo wa alama, ulioandikwa kwa maneno kamili, kwa kimo kisichopungua 3.5 kwenye A1, juu kabisa ya kisanduku cha maelezo, mahali ambapo mkunjo wa karatasi hautaufuta.