Kumwandaa Mhadhiri wa Kiswahili Kutumia Teknolojia ya Kufundishia: Kozi Kwanza, Mashine Baadaye

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kujadili namna wahadhiri wa Kiswahili wanavyoandaliwa kutumia teknolojia katika kutayarisha na kufundisha kozi zao. Hoja yetu ya msingi ni kwamba mafunzo yanayoanza na mashine humwacha mhadhiri pale pale alipokuwa, ilhali mafunzo yanayoanza na kozi humwezesha kuichagua mashine inayomfaa, au kuiacha isiyomfaa.

Mwandishi wa makala hii aliwahi kuhudhuria semina ya siku mbili ya aina hii katika chuo kimoja. Siku ya kwanza tulifundishwa kufungua akaunti. Siku ya pili tulifundishwa kupakia mafaili. Kufikia jioni kila mshiriki alikuwa amekwisha kupakia madokezo yake ya mihadhara ya miaka mingi, na semina ikahesabiwa kuwa imefaulu. Muhula uliofuata wanafunzi walisoma madokezo yale yale, tofauti ikiwa moja tu: safari hii waliyasoma katika simu. Nami nilikuwa miongoni mwa wahadhiri hao.

2.0 Usuli

Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, na mwaka 2009 iliunganishwa na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kuunda Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo zana za mhadhiri wa isimu zilikuwa ubao, chaki na, palipokuwa na uwezo, kinasasauti. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilionyesha kwamba kozi inaweza kumfikia mwanafunzi aliye mbali iwapo imetayarishwa kwa makini kabla ya kufundishwa. Baadaye ilikuja mifumo ya kuendeshea masomo kwa kompyuta. Mojawapo ni Moodle, uliotolewa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ambao hutumiwa bila kulipiwa ada ya leseni na kwa sababu hiyo umeenea katika vyuo vingi.

Vyuo vya Tanzania vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, hadi vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka huo, ilidhihirika kwamba kuwa na mfumo si sawa na kuwa na kozi. Mfumo hununuliwa au hupokewa bure. Kozi haina budi kutungwa na mwenye taaluma yake.

3.0 Nadharia kwa Ufupi

Mwaka 1986 Lee Shulman alitoa hoja kwamba mwalimu hahitaji maarifa ya somo na maarifa ya ufundishaji peke yake, bali pia maarifa ya namna somo hilo mahususi linavyofundishika. Mishra na Koehler, mwaka 2006, waliongeza teknolojia katika hoja hiyo. Kwa mujibu wao, umahiri wa mwalimu hupatikana pale ambapo maarifa hayo matatu yanakutana. Naye John Biggs, mwaka 1996, alisisitiza kwamba malengo, shughuli za kujifunza na tathmini sharti vilingane.

Tukizichukua hoja hizi pamoja, twaweza kusema kwamba hakuna mafunzo ya teknolojia yanayomfaa kila mhadhiri kwa namna moja. Yanayomfaa mhadhiri wa uhasibu si lazima yamfae mhadhiri wa fonolojia.

4.0 Mfano: Kufundisha Shadda na Mpumuo

Tuchukue mada ya shadda. Kwa kawaida shadda ya Kiswahili huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Hata hivyo, yapo maneno machache yanayokiuka kanuni hiyo. Neno barabara lenye maana ya njia kuu lina shadda katika silabi ya tatu: ba-ra-BA-ra. Lenye maana ya sawasawa lina shadda katika silabi ya pili: ba-RA-ba-ra. Katika maandishi maneno haya hayatofautiani hata kidogo. Mhadhiri aliyepakia madokezo yake, hata yawe mazuri namna gani, hajafundisha shadda. Amefundisha habari za shadda.

Sasa tuanze na kozi. Lengo ni kwamba mwanafunzi aweze kutambua shadda na kueleza sifa za kiakustika zinazoibeba. Tathmini inayolingana na lengo hili ni kumpa sauti aichanganue, wala si kumtaka akariri fasili. Kwa hiyo shughuli ya kujifunza ni kurekodi sentensi mbili zenye maneno hayo, kupima muda na kidatu cha kila silabi, na kulinganisha. Ni hapa tu ndipo swali la zana linapozuka, na jibu lake huwa jepesi: programu ya Praat, iliyobuniwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, hufanya kazi hiyo na hupatikana bure.

Hali kadhalika, mada ya mpumuo hufaidika kwa njia hiyo. Katika lahaja ya Kimvita, paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo, na paa mnyama hutamkwa kwa mpumuo, kwa kuwa nomino hiyo ya ngeli ya N ilipoteza nazali yake ya awali na kuacha mpumuo katika kipasuo. Mwanafunzi wa bara ambaye hajaizoea tofauti hiyo aweza asiisikie, lakini ataiona katika mchoro wa sauti, na baada ya kuiona masikio yake huanza kuisikia.

Aidha, mhadhiri hana budi kujua gharama anayomtwika mwanafunzi. Dakika moja ya sauti isiyobanwa, ya mkondo mmoja, sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, ina ukubwa wa megabaiti 5 na ushei. Dakika hiyo hiyo ikibanwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde haifiki nusu megabaiti. Kwa mwanafunzi anayenunua kifurushi cha intaneti kwa fedha zake, tofauti hii ndiyo inayoamua kama atasoma au hatasoma. Kwa hiyo sauti ya kusikiliza na ibanwe; ya kupima isibanwe, bali iwe fupi, sekunde chache tu.

5.0 Lugha ya Mafunzo

Suala jingine ni lugha. Ni jambo la kushangaza kwamba mhadhiri anayefundisha isimu yote kwa Kiswahili hufunzwa zana zake kwa Kiingereza, kisha hutakiwa awaelekeze wanafunzi kwa Kiswahili. Haiwezi kusemwa kwamba istilahi hazipo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Tunayo maneno kupakia na kupakua, tovuti, kipanya. Tatizo letu ni wingi pamoja na kutosanifisha: kompyuta, tarakilishi na ngamizi kwa dhana moja, nywila na nenosiri kwa dhana nyingine. Idara inayoandaa mafunzo kwa Kiswahili hulazimika kuchagua, na kwa kuchagua inafanya kazi ya ukuzaji istilahi ambayo ni wajibu wake.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, mhadhiri aje katika mafunzo na mada moja ya kozi yake inayowashinda wanafunzi, na aondoke na mada hiyo ikiwa imetayarishwa upya. Pili, mafunzo yasambazwe katika muhula mzima badala ya siku mbili, ili ajaribu darasani, akosee, na arudi kwa wenzake. Tatu, wakufunzi wawe wawili: fundi wa mfumo na mwanaisimu mwenzake. Nne, saa za kutayarisha kozi zihesabiwe katika mzigo wa kazi. Mhadhiri asiyehesabiwa saa hizo atapakia madokezo ya zamani, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba teknolojia ya kufundishia ni tawi la utayarishaji wa kozi, na kwamba utayarishaji wa kozi ni tawi la taaluma yenyewe. Mwandishi ameiondoa katika mfumo mada ya shadda kama alivyoipakia siku ile ya semina. Mahali pake pana sauti mbili za sekunde nne nne, na swali moja: ni ipi njia, na ni ipi sawasawa, nawe umejuaje? Wanafunzi hubishana juu ya swali hilo kuliko walivyowahi kubishana juu ya madokezo.