Fundi, unajua gharama za kazi yako?

Jirani yangu, seremala wa Keko, Dar es Salaam, nusura afunge karakana ilhali kazi hazimwishii. Juzi tuliketi tukapiga hesabu ya kabati moja. Mbao, gundi na vitasa: shilingi 180,000. Ujira wake 40,000, wa kijana wake 20,000. Usafiri 20,000. Fungu la pango na umeme 20,000. Jumla 280,000. Yeye aliliuza 260,000, akidhani kapata faida ya 40,000, maana ujira wake mwenyewe na pango hakuvihesabu!

Sasa anataka faida iwe asilimia 30 ya bei. Akaongeza asilimia 30 juu ya gharama, akapata 364,000. Nikamwambia, la, hapo faida ni 84,000, yaani asilimia 23 tu ya bei. Ikiwa faida ni 30, gharama ni 70. Basi gawanya 280,000 kwa 70, zidisha kwa 100: bei ni 400,000.

Mteja akibembeleza, punguza. Lakini chini ya 280,000 ni hasara. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.