Kabla ya Kupanda Ndege, Pima Usalama wa Huko Uendako

Mtaani Kipsongo, kama ilivyo katika mitaa mingine ya Kitale, habari za kazi ughaibuni hufika kupitia simu ya rafiki, jirani aliyerudi likizoni au ajenti anayepita nyumba kwa nyumba. Swali la kwanza ambalo familia huuliza ni iwapo nchi hiyo ina vita. Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Nchi inaweza kuwa na amani barabarani, na bado mfanyakazi wa nyumbani akakosa ulinzi ndani ya lango la mwajiri wake.

Wakazi wanaopanga safari wanahimizwa kupima mambo manne kabla ya kuuza mbuzi, kipande cha shamba au kuchukua mkopo wa chama.

Sheria inamlinda nani?
Katika nchi nyingi za Ghuba, kibali cha mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri mmoja, mfumo unaojulikana kama kafala. Anayemkimbia mwajiri anaweza kuripotiwa kuwa mtoro na kukamatwa, hata kama ndiye aliyedhulumiwa. Hata hivyo, nchi hazifanani. Saudi Arabia ilipolegeza masharti ya kuhama mwajiri mnamo Machi 2021, wafanyakazi wa nyumbani hawakujumuishwa. Mwezi uo huo, Qatar ilianza kutekeleza mshahara wa chini wa riali 1,000 kwa mwezi, wafanyakazi wa nyumbani wakiwemo. Kwa hivyo, usiulize kuhusu nchi pekee. Uliza sheria inasema nini kuhusu kazi utakayofanya.

Ubalozi uko umbali gani?
Kenya ina balozi Riyadh, Doha, Abu Dhabi, Muscat na Kuwait. Lebanon haina ubalozi wa Kenya. Masuala ya Wakenya walioko huko husimamiwa kutoka Kuwait. Mapigano yalipozidi nchini humo mwaka wa 2024, Wakenya walitakiwa kujiandikisha ili wasaidiwe kuondoka. Ambaye ubalozi haujui aliko ni vigumu kumfikia.

Je, viza inalingana na kazi?
Viza ya utalii si kibali cha kazi. Baadhi ya Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand walijikuta wamevushwa mpaka hadi Myanmar, ambako walizuiliwa na kulazimishwa kufanya ulaghai wa mtandaoni. Ukiambiwa "utabadilisha viza ukifika", simamisha safari.

Ajenti amesajiliwa?
Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA) huchapisha kwenye tovuti yake orodha ya mashirika yaliyosajiliwa kupeleka wafanyakazi ng'ambo. Linganisha jina kamili, kwa kuwa matapeli hutumia majina yanayokaribiana na ya mashirika halali. Vilevile, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi uthibitishwe na afisa wa leba. Usitie sahihi mkataba ulioandikwa kwa lugha usiyoielewa. Hakikisha unataja mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko na atakayelipa nauli ya kurudi.

Unachoacha nyumbani
Iachie familia nakala ya pasipoti, viza na mkataba, pamoja na jina la ajenti, anwani ya mwajiri na nambari ya ubalozi. Kubalianeni pia neno moja la siri ambalo, likitajwa kwenye simu, litamaanisha kuna hatari hata kama mwajiri anasikiliza. Ukifika, jiandikishe na ubalozi katika siku za kwanza, simu ikiwa bado mkononi mwako.

Anayesafirisha watu kwa hila ili watumikishwe anavunja Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, faini isiyopungua Sh30 milioni, au vyote viwili. Mkazi anayemshuku ajenti apige ripoti kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu, au apige simu 999 au 112, kabla msafiri hajaondoka. Baada ya ndege kuruka, msaada huchukua muda mrefu zaidi kufika.