Amchaye Mungu Amwogope Nani?

Mwaka 734 hivi kabla ya Kristo, mfalme Ahazi wa Yuda alitoka ikulu kwenda kwenye chanzo cha maji ya mji. Kitabu cha Isaya, sura ya 7, kinataja mahali penyewe: mwisho wa mfereji wa birika la juu, kando ya barabara ya uwanja wa dobi. Mji unaongoja kuzingirwa huhesabu maji yake kwanza, na Yerusalemu ulikuwa unangoja. Resini mfalme wa Shamu na Peka mfalme wa Israeli walikuwa wameungana wamng'oe Ahazi na kumweka mtu wao kwenye kiti cha Daudi. Habari zilipofika, hofu iliingia ikulu na mitaani kwa pamoja.

Pale kwenye birika ndipo nabii Isaya alipomkuta, akiwa ameongozana na mwanawe, Shear-yashubu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi. Mfalme atulie, kwa kuwa hao wawili ni vinga vya moto vilivyobakiza moshi tu, na asipoamini hatasimama. Akapewa hata nafasi ya kuomba ishara yoyote aitakayo. Ahazi akajibu kwamba hawezi kumjaribu Bwana. Ukilisikia jibu hilo bila kumjua anayelitoa, utadhani ni la mtu wa ibada sana, lakini moyoni alikuwa amekwisha kuamua. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 16, kinatuonyesha alichokifanya: alichukua fedha na dhahabu ya hekaluni na ya hazina ya ikulu, akaipeleka kwa Tiglath-pileseri mfalme wa Ashuru, na katika salamu zake akajiita mtumishi wake na mwana wake.

Mtumishi na mwana. Katika ukoo wa Daudi, mfalme alikuwa mtumishi wa Bwana na mwana wa Bwana, na hayo ndiyo majina ya heshima aliyorithi. Ahazi aliyatoa yote mawili kwa mtu aliyekuwa na jeshi kubwa. Baadaye akamfuata Tiglath-pileseri hadi Dameski, akaona madhabahu huko, akamtumia kuhani Uria mchoro wake ili ijengwe nyingine kama hiyo Yerusalemu. Madhabahu ya shaba ya Bwana ikasogezwa kando. Hofu ilianza kama jambo la usalama wa nchi na ikaishia kupanga upya fanicha za hekalu.

Kosa la Ahazi si kwamba aliogopa. Majeshi mawili yakikujia, kuogopa ni akili. Kosa lake ni kwamba aliiacha hofu imchagulie bwana. Na bwana aliyemchagua hakumhurumia: Dameski wa Shamu ulianguka mwaka 732, Samaria wa Israeli mwaka 722, na mwaka 701, Ahazi akiwa amekwisha kufa, Senakeribu wa Ashuru aliivamia Yuda yenyewe. Kumbukumbu za Ashuru zinajisifu kwamba aliteka miji 46 yenye kuta. Dola iliyonunuliwa kwa dhahabu ya hekalu iwe mkombozi ndiyo iliyokuja kumzingira Hezekia, mwana wa Ahazi.

Katikati ya taharuki ile, sura ya 8 ya Isaya inasimulia kwamba Mungu alimshika Isaya kwa nguvu na kumwonya asiende njia ya watu hao. Asiite njama kila wanachokiita njama, wala asiogope wanachokiogopa. Mungu angeweza kukomea hapo, kama tunavyokomea sisi tunapomwambia mgonjwa "usiogope" kisha tukaondoka. Aliendelea: Bwana wa majeshi ndiye wa kuhesabiwa mtakatifu, yeye ndiye awe hofu yenu, na yeye atakuwa mahali patakatifu pa kukimbilia. Moyo wa Isaya haukuachwa mtupu. Ulipewa mmoja wa kumcha, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa kimbilio.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza: mtu aliyechoka kuogopa utamsaidiaje kwa kumwongezea wa kumwogopa? Ni swali zuri, na Biblia inalijibu mapema kabisa, chini ya Mlima Sinai. Katika Kutoka 20, watu wanaona umeme na moshi, wanarudi nyuma na kusimama mbali. Musa anawaambia wasiogope, kisha papo hapo anaeleza kwamba Mungu amekuja ili kicho chake kiwe mbele yao, wasitende dhambi. Hofu moja inakatazwa na nyingine inahimizwa, ndani ya pumzi moja. Ile ya kwanza inawarudisha watu nyuma. Ya pili inawaweka karibu na kuwafanya wawe waangalifu. Adamu alikuwa na ile ya kwanza alipojificha kati ya miti ya bustani.

Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliifafanua tofauti hii mwanzoni mwa karne ya 5 alipokuwa akihubiri juu ya Waraka wa Kwanza wa Yohana. Aliwataka wasikilizaji wake wawafikirie wake wawili wa watu, mmoja si mwaminifu na mwingine ni mwaminifu. Wote wawili wanamwogopa mume. Wa kwanza anaogopa mume asije akarudi nyumbani. Wa pili anaogopa mume asije akaondoka. Upendo ukikamilika, kama asemavyo Yohana, huitupa nje hofu ya yule wa kwanza, lakini hofu ya yule wa pili inazidi kukua kadiri upendo unavyokua. Waliopitia darasa la kipaimara katika makanisa ya Kilutheri walilikariri jambo hili pengine bila kuligundua: katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, maelezo ya kila amri yanaanza kwa kuunganisha kumcha Mungu na kumpenda.

Nasisitiza hili kwa sababu mafundisho mengi yanayotolewa leo kwa jina la kumcha Mungu yanapanda ile hofu ya kwanza. Mama anaambiwa kwamba asipotoa sadaka fulani, laana ya ukoo itamrudia. Kijana anaambiwa kwamba akihama kanisa hili atakuwa ametoka kwenye kifuniko cha kiroho na lolote laweza kumpata. Mtu anayeogopa kurogwa anauziwa maji ya upako na mafuta, anayapaka mlangoni usiku, na kesho yake anaogopa zaidi kwa kuwa sasa ana kitu cha kuishiwa. Huko hofu haijapona, imebadilishiwa jina tu. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa wanaoumizwa mara nyingi ni wale waliokuja kanisani wakitafuta pa kupumzikia. Mahubiri yakimfanya mtu amwogope mchungaji, nabii au jirani kuliko alivyowaogopa alipoingia, hayakumfundisha kumcha Bwana.

Yesu mwenyewe alifundisha kwa mpangilio wa namna nyingine. Katika Mathayo 10 anawatuma wanafunzi wake, bila kuwaficha kwamba watapelekwa mabarazani na kupigwa katika masinagogi. Ndani ya mistari michache anawakataza kuogopa mara tatu. Kati ya makatazo hayo anaweka neno zito: wamwogope yule awezaye kuangamiza mwili na roho pia. Msikilizaji akingali ameshtuka, Yesu anazungumzia bei ya shomoro. Wawili waliuzwa kwa sarafu moja ndogo ya shaba, asarioni, ambayo 16 zake zilifanya dinari moja, ujira wa kibarua wa siku nzima. Ilikuwa kitoweo cha maskini. Luka anaitaja bei ya jumla: watano kwa asarioni mbili. Ukipiga hesabu, shomoro wa tano hakulipiwa chochote, alikuwa nyongeza ya muuzaji ili mteja aondoke ameridhika. Huyo naye, Yesu anasema, hasahauliki mbele za Mungu, na nywele za vichwa vyenu zimehesabiwa.

Anayeogopwa katika mstari mmoja ndiye anayehesabu nywele mistari miwili baadaye. Ukuu wa Mungu ukihubiriwa bila shomoro, watu wanabaki wakitetemeka. Na shomoro akihubiriwa bila ukuu huo, tunabaki na Mungu mpole asiyeweza kumzuia Tiglath-pileseri.

Petro alikuwepo siku hiyo. Hata hivyo, usiku Yesu alipokamatwa, uani kwa kuhani mkuu, swali la kijakazi lilitosha kumfanya amkane Bwana wake. Ndiyo maana nausoma kwa heshima Waraka wake wa Kwanza, uliopelekwa kwa Wakristo wa Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia. Katika sura ya 3 anayachukua maneno yale ya Isaya juu ya kutoogopa wanachokiogopa wengine, na pale Isaya alipomtaja Bwana wa majeshi, Petro anamweka Kristo, atakaswe mioyoni kama Bwana. Onyo hilo lilikuwa na kazi ya kufanya. Mnamo mwaka 112, Plinio Mdogo, aliyetawala Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajano akieleza anavyowashughulikia Wakristo: huwauliza mara moja, mara ya pili na ya tatu huku akiwatishia, na wanaoshikilia huamuru wauawe. Wengine walikana, wakafukiza uvumba mbele ya sanamu ya Kaisari na kumlaani Kristo. Mikoa ni ileile aliyoitaja Petro. Hao waliokana nao hatuna ruhusa ya kuwadharau, hasa tunaposoma waraka wa mtu ambaye naye aliwahi kukana.

Niongeze jambo moja kwa wanaosumbuliwa na wasiwasi usio na adui anayeonekana: moyo kwenda mbio, usingizi kukatika, kifua kubana. Nabii Eliya alimkimbia malkia Yezebeli akaomba afe, na kitu cha kwanza alichopewa kilikuwa usingizi, mkate na maji, mara mbili, kabla ya neno lolote la utume. Anayemcha Mungu aende hospitali bila aibu. Hofu ya mwili unaoumwa si ushahidi kwamba imani imepungua.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, mfano wa kumcha Mungu ninaourudia zaidi ni wa Uganda. Janani Luwum, Mwacholi aliyezaliwa Mucwini mwaka 1922, aliokoka mwezi Januari 1948 kupitia uamsho wa Walokole, ule uliotoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Walokole walisisitiza kutembea nuruni: unaungama dhambi zako waziwazi mbele ya wenzako, unarudisha ulichoiba, unakwenda kupatana na uliyemkosea. Wapo waliowaona kuwa wamezidi, na mara nyingine walizidi kweli. Lakini tazama kutembea nuruni kunavyomwandaa mtu. Aliyekwisha kusimama mbele za Mungu na siri zake zote nje, mtawala hana la kumfichulia.

Mwaka 1974 Luwum akawa askofu mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari wa Rais Idi Amin waliingia nyumbani kwake kutafuta silaha, wasizipate. Siku chache baadaye maaskofu wakamwandikia Amin barua wakilalamikia upekuzi ule na mauaji yaliyoenea nchini. Barua ile haikuwa na matusi. Ilisema ukweli kwa lugha ya raia anayemheshimu mkuu wa nchi. Ni kama alivyoagiza Petro mara tu baada ya kusema Kristo atakaswe: jibuni kwa upole na kwa hofu. Tarehe 16 Februari maaskofu waliitwa Kampala, wenzake wakaruhusiwa kuondoka, Luwum akabakizwa. Serikali ikatangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Mwili wake ulipelekwa Mucwini kuzikwa, na waliofungua jeneza waliona matundu ya risasi.

Festo Kivengere, askofu wa Kigezi na rafiki yake, hakubaki kungoja zamu yake. Yeye na mkewe walitoroka, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Sijawahi kuona sababu ya kumhukumu. Katika Mathayo 10 ileile, Yesu anawaagiza wanafunzi wakifukuzwa mji huu wakimbilie mwingine. Kumcha Mungu hakumlazimishi mtu kujitafutia kifo, na wawili hawa, mmoja aliyebaki na mmoja aliyekimbia, walilelewa na uamsho mmoja.

Kilichomsumbua Kivengere uhamishoni kilikuwa kitu kingine. Hofu ya Amin ilipoanza kupungua, aliona chuki ikiingia mahali pake, na chuki nayo inamfunga mtu kwa adui yake kama hofu ilivyomfunga. Ijumaa Kuu ya mwaka uleule, akiwa ibadani London, alisikiliza habari za Yesu akiwaombea msamaha waliomsulubisha, akatambua kwamba hajamsamehe Amin. Alimsamehe, na mwaka huohuo akatoa kitabu kidogo chenye jina lililowashangaza wengi, *I Love Idi Amin*, yaani "Nampenda Idi Amin". Amin alipong'olewa Aprili 1979, Kivengere alirudi Kabale kwa waumini wake, akaendelea na kazi ya uaskofu hadi alipofariki mwaka 1988.