Kivinjari Nacho Hutiwa Kalafati

Alasiri moja niliingia saiba mojawapo hapa Malindi, upande wa Shela, kumjazia mama yangu mdogo fomu ya pasi katika eCitizen. Bibi huyo amejidunduliza miaka mingi ili akahiji. Kabla sijaandika hata nambari ya kitambulisho chake, niliona kwenye pembe ya juu alama ya kuwa kivinjari kinangoja kusasishwa.

"Iache tu hiyo, ami," akasema kijana mwenye duka. "Ipo tangu mwezi jana. Itanilia bando bure."

Nikasita. Siri za fomu ile si zangu, ni amana.

Kivinjari, kwa wasiolizoea jina hilo, ni ile programu ifunguayo kurasa za intaneti: Chrome, Firefox, Safari na nduguze. Kimeundwa na wanadamu, na kazi ya mwanadamu haikosi tundu. Wazee wetu wa bahari walilijua hilo. Jahazi, hata liwe la msaji, lilipandishwa pwani likatiwa kalafati ya pamba na mafuta kabla ya msimu, wala hapana nahodha aliyesema kuwa ya mwaka juzi yatosha.

Lakini tundu la jahazi halitangaziwi maharamia. La kivinjari, ole wetu, hutangazwa! Mnamo Septemba 2023 ilionekana kasoro katika libwebp, programu ndogo ya kufungulia picha itumiwayo na vivinjari vingi. Picha iliyoundwa kwa hila iliweza kumpa mwizi njia, na mwenye kompyuta hakufanya kosa ila kufungua ukurasa. Google ilitoa kiraka cha Chrome tarehe 11, ikakiri kwamba wavamizi walikwisha kulitumia tundu hilo. Mozilla ikatoa cha Firefox kesho yake. Sasa, kiraka kikishatoka, wajuzi wa uovu hukilinganisha na programu ya zamani wakapaona penye tundu. Aliyekawia huwa hatarini kuliko alivyokuwa jana. Mwaka 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha Windows mwezi wa Machi. Mei, kirusi cha WannaCry kikazikumba hospitali za Uingereza kupitia kompyuta ambazo hazijazibwa.

Nikamwambia kijana, "Mwanangu, alama hii ya Chrome kwa kawaida hutokea kiraka kikiwa kimekwisha kuingia. Bando limekwisha kulika. Kilichobaki ni kukifunga na kukifungua."

Hakusadiki. Alihofia kurasa zake zitapotea. Akajaribu, na zote zikarudi.

Akaniuliza habari ya zile kurasa zinazochomoza ghafla zikikuhimiza usasishe upesi. Hizo, wasomaji wangu, ni mtego. Bonyeza nukta tatu za pembeni mwa Chrome, ingia sehemu ya msaada, kisha habari za Chrome; kitajikagua chenyewe. Ama ile kompyuta yake kuukuu yenye Windows 7, Chrome iliacha kuihudumia mwanzoni mwa 2023. Nilimsihi asimwandikishe mtu neno la siri humo. Alinung'unika, na haki yake, maana kompyuta mpya haiokotwi ufuoni.

Fomu niliimaliza kabla ya adhana ya magharibi. Nilipotoka, kijana alikuwa ameinamia kompyuta ya tatu, akifunga na kufungua.