Ziwa la Wageni

Hadithi hadithi? Njoo! Haya, sogeeni hapa, na mwenye simu aizime.

Ninyi wa Kangemi na Uthiru mnaijua Waiyaki Way kuliko mimi. Matatu za Naivasha huondoka Nyamakima, katikati ya jiji, zikapita Museum Hill na Westlands, zikawapita ninyi mkisubiri kuvuka kwenda shule, zikapanda hadi Limuru ndipo ziteremke Bonde la Ufa. Safari yote haifiki kilomita mia moja. Kwa barabara hiyohiyo samaki wa Ziwa Naivasha huletwa Nairobi. Swali langu kwenu ni hili: samaki hao walifikaje ziwani? Maana zamani ziwa hilo halikuwa na samaki hata mmoja wa kutosha mboga.

Msicheke, ni kweli. Kabla ya mwaka 1925 samaki aliyejulikana humo alikuwa mmoja tu, kijisamaki kifupi kuliko kidole chako. Naivasha haina mto unaotoka kwenda baharini. Mito Malewa na Gilgil inaingiza maji, na maji hutoka ziwani chini kwa chini, kupitia mawe ya volkano. Chumvi nayo huchukuliwa hivyohivyo, ndiyo sababu maji yake si magadi kama ya majirani zake, Elementaita na Nakuru. Lakini ziwa la namna hii hujaa na kupungua sana, na wataalamu hudhani kwamba hapo kale liliwahi kukauka kabisa, samaki wakaisha.

Basi watu wakaanza kulijaza. Mwaka 1925 akaletwa tilapia mweusi, ambaye asili yake ni mto Athi, huohuo unaopokea maji ya Mto Nairobi. Mwaka 1929 akaja mgeni wa mbali zaidi: besi wa Marekani, yule mwenye mdomo mpana. Huyu hakuletwa kwa ajili ya sufuria. Walowezi walitaka samaki anayepigana anaponaswa kwenye ndoana, wapate mchezo wa Jumapili. Katika maziwa ya Michigan na Minnesota besi ni mwenyeji, na watoto wa huko humvua kama ninyi mnavyocheza mpira. Hapa alikuwa mgeni mwenye njaa. Kinachoingia mdomoni mwake hukimeza: samaki wadogo, vyura, wadudu. Kile kijisamaki chetu cha asili kilionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Hakikuwa na bei sokoni, kwa hiyo hakuna aliyekililia. Mimi kinanisikitisha.

Wageni hawakuishia hapo. Mwaka 1956 akaletwa tilapia mwingine wa kula majani ya majini, na katika mzigo huohuo akajificha tilapia wa tatu ambaye hakuna aliyemwagiza. Huyo wa kujificha ndiye aliyestawi kuwashinda wote. Yule mweusi wa Athi akatoweka. Mwaka 1959 serikali ikaruhusu uvuvi wa biashara kwa nyavu, na mwaka 1970 akaingizwa kamba mwekundu ambaye asili yake ni Marekani, ili besi apate chakula na watu wapate cha kuuza Ulaya. Kamba alifanya yote mawili. Kisha akaendelea na kazi ambayo hakupewa: alikata mimea ya chini ya maji hadi ikaisha. Kufikia miaka ya 1980 mwanzoni, mayungiyungi na majani ambamo vifaranga wa tilapia walijificha yalikuwa hayapo.

Sasa fikirini hesabu ya mvuvi. Maficho yamekwisha, mashua zimezidi, na kuna wanaotumia nyavu za matundu madogo, zinazonasa hata samaki ambaye hajazaa mara moja. Samaki asiyezaa leo ni samaki asiyevuliwa mwaka kesho. Kufikia 2001 nyavu zilirudi karibu tupu, ziwa likafungwa kwa mwaka mzima.

Na wakati huo mgeni mwingine alikuwa amekwisha kuingia, bila kualikwa na mtu. Anaitwa kapi. Inadhaniwa aliponyoka kwenye mabwawa ya kufugia kule juu ya mto Malewa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipofurika. Kapi jike mmoja mkubwa hutaga mayai laki kadhaa kwa msimu. Hali kwa macho kama besi. Hufukua tope kwa mdomo kama nguruwe shambani, na maji huvurugika. Besi, ambaye lazima aone ili ale, akapata shida. Haikupita miaka kumi tangu kapi aonekane nyavuni, akawa zaidi ya tisa kati ya kila samaki kumi waliovuliwa.

Wanunuzi wa Nairobi hawakumpenda. Ana mifupa mingi, wakasema, tena ananuka tope. Mimi nawaambia ukimtia ndimu na kumkaanga akauke vizuri, hilo tope hulisikii. Tusimtukane sana: tilapia alipoadimika, huyu ndiye aliyelipa karo za watoto wa wavuvi. Wamarekani nao walimleta kwao kutoka Ujerumani mwaka 1877, wakimwona chakula cha thamani, na baadaye katika maziwa yaleyale ya besi wakaanza kumwita adui. Kwa hiyo besi alitoka kwao akaja kutusumbua, na kapi akatusumbua sote wawili.

Mvuvi wa Naivasha ana la kuangalia zaidi ya aina ya samaki, nalo ni kimo cha maji. Mwaka 2009 ukame ulilishusha ziwa sana. Mvua zilipokuja mwanzoni mwa 2010, samaki wengi walielea wamekufa. Watu waliyanyooshea kidole mashamba ya maua na dawa zake. Maelezo ya wachunguzi yalikuwa kukosa oksijeni. Mafuriko husomba samadi, mbolea na tope hadi ziwani. Vijidudu vinavyoozesha taka hizo hutumia oksijeni iliyomo majini, na samaki hubaki akitweta juu ya maji.

Kisha mambo yakageuka. Ziwa lilipanda mwaka baada ya mwaka, na 2020 likaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto, watu wakahama. Jambo hilohilo lililowaondoa akina mama na watoto wao vitandani ndilo huwapa samaki wachanga makao, maana nyasi zilizofunikwa na maji ni maficho mazuri. Tilapia wa Nile, aliyepandikizwa ziwani mwaka 2011, naye akaongezeka. Hata hivyo viboko pia hufuata maji. Vijana wasio na mashua wala leseni huingia kwa miguu, maji yakiwafika kifuani, wakivuta nyavu, na wengine wamejeruhiwa au kuuawa na viboko. Mwenye mashua hupiga kasia kwa nguvu akaponea hapo. Wa miguu ataponea wapi?

Kesho mama akiwatuma sokoni, msiangalie bei peke yake. Tilapia ana miiba mgongoni na mwili uliobanwa ubavuni. Kambare hana magamba kabisa, na ana ndevu ndefu. Kapi ana magamba makubwa, pezi moja refu la mgongoni, na ndevu fupi nne pembeni mwa mdomo. Mkimpata huyo, mwambieni mama samaki amchanje ubavuni mikato mingi ya karibukaribu kabla ya kumtia kwenye mafuta, ile mifupa midogo ilainike, na mle polepole.